TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 15: Muuza samaki aliyesomesha mji



Tumefika katikati ya mwezi. Siku 15 hizo zimekwenda, na hapa ndipo watu huanza kuachana. Yupo ambaye msahafu wake umefika juzuu ya 15 au umepita. Yupo pia ambaye msahafu bado uko juu ya kabati, na kila akiutazama nafsi inamwambia: wewe umeshachelewa, subiri mwakani. Leo nataka kuzungumza zaidi na huyu wa pili.

Maana maneno hayo nafsi haiyasemi kwenye Ramadhani tu. Inamwambia mtu hivyo hivyo kuhusu maisha yake yote. Una miaka 40, utaanza kusoma leo? Ulizaliwa kwenye uvuvi, utakufa kwenye uvuvi. Watu wanakujua ulivyokuwa, nani atakusikiliza?

Basi leo nakuletea habari za mtu wa nchi hii hii, wala si wa Baghdad wala Kufa. Aliitwa Yahya bin Abdallah. Watu wengi wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Waliowahi kwenda ziara Bagamoyo wanalijua vizuri jina hilo, lakini vijana wetu wengi hapa Mwanza wamelisikia juu juu tu. Tafakuri ya leo ni ndefu kidogo kuliko kawaida, tuvumiliane.

*Alikotoka*

Yahya hakuzaliwa Bagamoyo. Kwao ni Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo ya leo. Aliletwa pwani akiwa mtoto, na aliletwa kama mtumwa.

Hebu tusipite haraka hapo. Karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Manyema, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, ikaja Tabora, ikateremka mpaka Bagamoyo. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na watu walizitembea kwa miguu. Babu zetu wa Usukumani na Unyamwezini waliijua njia hiyo, maana wao ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa pembe za ndovu. Mpagazi akifika Bagamoyo anatua mzigo, analipwa, anageuza kurudi kwao. Wengine husema jina la mji limetokana na kuubwaga moyo. Lakini mtoto aliyeletwa kuuzwa, yeye hageuzi. Mama yuko nyuma ya maziwa na mapori, na mbele ni bahari.

Na tuseme kweli, kwa sababu Ramadhani ni mwezi wa kusema kweli. Baadhi ya walioendesha biashara ile walikuwa Waislamu wenzetu, watu wa swala na saumu. Dini iliyofungua mlango wa kuacha watumwa huru, ikaufanya kuwa ibada na kafara ya makosa, wapo waliobeba jina lake huku wakifunga minyororo. Tusiifiche habari hiyo, maana ukubwa wa Sheikh Ramiya hauonekani mpaka ujue alianzia wapi.

Mtoto yule akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mmoja wa wakubwa wa Bagamoyo. Humo ndimo alimokulia. Baadaye akawa mtu huru.

*Samaki*

Sasa, mtu huru asiye na ukoo, asiye na shamba, asiye na baba wa kumsemea, anaanzia wapi? Yahya alianzia kwenye samaki.

Wewe wa Mwaloni Kirumba unajua maana yake kuliko mimi. Samaki hana subira. Bei ya alfajiri siyo bei ya saa sita mchana. Ukilala, umekula hasara. Ukimpunja mteja leo, kesho anapita meza ya jirani yako. Mikono inanuka, nguo inanuka, na wapo watakaokupa salamu wakiwa mbali. Ndiyo kazi aliyoanza nayo.

Ile biashara ikamkubali. Polepole akapata mtaji, na mtaji hakuutawanya. Akaingia kwenye minazi, akawa mtu wa mashamba. Pwani ya zama zile mwenye minazi alikuwa mtu, maana mnazi ukishashika unakulisha miaka na miaka. Kwa hiyo yule aliyeletwa mjini kama mali ya mtu akawa mwenye mali.

Ndugu yangu, hadithi nyingi zingeishia hapo. Alikuwa maskini, akatajirika, alhamdulillahi, tufunge kitabu. Sisi wenyewe dua zetu nyingi zinaishia hapo hapo: Ya Rabbi nipe mtaji, Ya Rabbi nipe kiwanja. Si vibaya kuomba hayo. Lakini Yahya alipofika mahali ambapo wengi wetu tungetandika mkeka tukalala, yeye ndipo alipogeuza njia.

*Kitabu*

Akageukia elimu. Akakaa mbele ya wanavyuoni wa pwani, akasoma, mtu mwenye biashara na mashamba yake. Kisha akafungua darsa mwenyewe. Kidogo kidogo madrasa yake ikawa miongoni mwa vyuo vikubwa vya Bagamoyo, na wanafunzi wakaja mpaka kutoka bara.

Tukae hapa kidogo, maana kuna vitu viwili vya kuzingatia.

La kwanza, hakuiacha kazi ya halali ili aonekane mtu wa dini. Wapo ndugu zetu wakipata mwamko wanafunga duka, wanaacha watoto bila ada, wanasema wamehamia kwa Allah. Huko siko kuhama. Huko ni kumtwisha mkeo mzigo wako. Kipato cha Yahya ndicho kilichompa nafasi ya kusoma na kusomesha bila kuwa ombaomba wa wakubwa wa mji. Mali aliyoianza kwa mizani ya samaki ikamsaidia kusimama mbele ya watu bila kuinamisha kichwa. Aliyebadilika ni mwenye mali, na mali ikamfuata alikoelekea.

La pili, elimu ilimtaka ashuke. Mtu akishazoea kuitwa tajiri ni vigumu kukaa chini na kusahihishwa herufi. Kwenye biashara unaamrisha, kwenye darsa unaambiwa rudia. Wewe mwenye miaka 45 unayeona haya kukaa na watoto kwenye Juzuu Amma, jua kwamba haya hiyo ndiyo ada ya mlango. Ukishailipa mara moja, umeingia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Sheikh akaingia katika tariqa ya Qadiriyya, ile inayonasibishwa na Sheikh Abdul Qadir al-Jilani, akawa khalifa mkubwa wa tariqa hiyo pwani ya Tanganyika. Najua kwenye kundi letu hili kila mmoja ana rai yake juu ya tariqa, na leo siyo mada yetu, naomba tusifungue mjadala. Ninachotaka uone ni kitu kimoja cha historia. Katika duara la dhikri la Qadiriyya mtu hakuulizwa baba yako nani. Waliokuwa watumwa, watoto wa watumwa, watu wa bara walioitwa washenzi na waungwana wa pwani, waliingia kwa wingi, wakakaa bega kwa bega na wenye mji. Uislamu wa bara, mpaka Tabora na Ujiji, ulisukumwa kwa sehemu kubwa na watu wa namna hiyo.

Na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Fikiria kijana wa bara anafika Bagamoyo, anajiona hana thamani, anaingia darsani, anamkuta sheikh wa mji ni mtu wa Manyema aliyeletwa na msafara. Hapo somo limeshaanza kabla kitabu hakijafunguliwa.

*Mwaka 1916*

Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, Waingereza waliiteka Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani. Walihitaji liwali, mtu ambaye mji unamsikiliza. Wakamweka Sheikh Ramiya.

Sasa weka tarehe mbili pamoja. Wajerumani walitawala nchi hii bila kuufuta utumwa moja kwa moja. Waliupunguza tu, wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Maana yake ni nini? Mwaka Sheikh Ramiya alipokalia kiti cha uliwali, utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria. Ilibaki miaka 6. Mtu aliyenunuliwa akiwa mtoto alikuwa liwali wa mji ule ule, na sheria ya nchi ilikuwa haijamfikia.

Sheria za watu mara nyingi huja nyuma. Ukingoja serikali, ukoo au jirani watangaze kwamba sasa unaruhusiwa kuwa mtu mwingine, utangoja sana. Yahya hakungoja 1922.

*Mji nao uligeuka*

Lakini hapa ndipo nilipokusudia kufika, na maneno haya si ya yule mwenye msahafu kabatini peke yake. Ni yetu sote.

Tunapozungumzia toba na kubadilika, tunamtazama aliyebadilika tu. Tunamsifu au tunamtilia shaka. Tunasahau kwamba mtu habadiliki peke yake hewani. Bagamoyo ulikuwa mji wa nasaba. Watu walijua nani ni muungwana na nani ni mtumwa, nani mwenyeji na nani wa kuja. Hata lugha yetu imebeba alama hiyo: tunasema uungwana kwa maana ya adabu njema, na mwanzo wake ni kinyume cha utumwa, kana kwamba adabu ni ya waliozaliwa huru tu. Katika mji kama huo, ili Sheikh Ramiya awe sheikh, ilibidi watu wakubali kumpelekea watoto wao. Ilibidi mtu anayejua habari zake zote, aliyemwona akiuza samaki, aje akae mbele yake na kusema, sheikh, nifundishe. Kugeuka kwake kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanywa na mji.

Jambo hili lina asili yake katika mwezi huu huu. Ramadhani ya mwaka wa 8 wa Hijra, siku ya kufunguliwa Makka, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwamuru Bilal apande juu ya Al-Kaaba aadhini. Bilal, aliyeburutwa kwenye mchanga wa mji ule ule. Wapo wakubwa wa Kiquraishi waliochukia kuona vile. Adhana ile ilikuwa mtihani wa Makka kuliko wa Bilal, kwa sababu yeye alikuwa ameshafaulu zamani. Na baadaye, zama za tabiina, Makka hiyo hiyo ikachukua fatwa kutoka kwa Ataa bin Abi Rabah, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Mji ulijifunza.

*Sisi wa ziwani*

Je, sisi tumejifunza?

Tuangalie saf zetu. Yupo ndugu aliyekuwa akivua kwa kokoro, anakomba mpaka vifaranga vya sato. Ameacha, amenunua nyavu halali, anapata kidogo kuliko zamani. Badala ya kumwita kwa jina lake, kijiweni bado tunamwita kwa jina la kazi ile. Yupo aliyekuwa na baa, akafunga, sasa anauza uji na chapati. Tunapita mbele ya meza yake tunacheka: leo umepata dini? Yupo kondakta wa daladala anayekuja baada ya Isha kujifunza alifu na bee. Vijana wanaojua kusoma wanatazamana na kutabasamu. Yupo dada aliyeolewa akiwa darasa la 6, leo ana watoto 4, anataka kurudi kusoma kupitia elimu ya watu wazima. Nyumba nzima inamwuliza, ili iweje?

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeletwa kwa mnyororo. Hakuna aliyevushwa ziwa kwa nguvu. Lakini sisi tunawawekea mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo ni ulimi wetu. Nakuambia, inawezekana kabisa mtu asimame mbele ya Mola wake ametubu na toba yake imekubaliwa, halafu mimi na wewe tuulizwe kwa nini tulimrudisha alikotoka kwa kicheko.

Ungekuwa Bagamoyo wakati ule, ungempeleka mwanao kwa muuza samaki kutoka Manyema? Usijibu haraka. Jibu lako la kweli liko katika namna unavyomtendea yule kondakta.

Sheikh Ramiya alipofariki mwaka 1931, madrasa haikufa. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika nafasi yake katika elimu na tariqa, na miaka ya kupigania uhuru alikuwa upande wa TANU pale Bagamoyo. Maulidi na ziara ya Bagamoyo vikavuta watu kutoka pande nyingi za nchi. Mtoto aliyeletwa kwa njia ya misafara ya utumwa, kaburi lake likawa ndilo linalowafanya watu wasafiri kwenda Bagamoyo kwa hiari yao.

*La kufanya leo*

Siku hizi mwezi ni mkubwa. Wavuvi wa dagaa wanajua: mwanga wa mwezi ukitawala, taa haivuti dagaa, mitumbwi mingi inakaa nchi kavu mpaka giza lirudi. Igombe, Kayenze, visiwani huko, watu wanashona nyavu na kupumzika. Kila mwezi Allah anakupa siku hizo, ndugu yangu mvuvi. Siku kadhaa kila mwezi kwa mwaka mzima ni nyingi. Mtu anaweza kumaliza kujifunza kusoma Qur'ani ndani ya siku hizo peke yake, bila kupoteza hata usiku mmoja wa kazi.

Kwa hiyo leo nakuomba mambo mawili.

1. Chagua kitu kimoja ambacho nafsi imekuambia umechelewa. Anza leo, kidogo sana. Aya moja, ukurasa mmoja, deni moja, simu moja kwa mtu uliyemdhulumu. Usitangaze. Ukiwa hujui kusoma, njoo baada ya Alfajiri au baada ya Asri, darsa la watu wazima lipo na hakuna atakayekucheka. Hilo nalisimamia mwenyewe.

2. Mtafute mtu mmoja aliyegeuka, ambaye wewe bado unamwita kwa jina la zamani. Leo kabla ya futari mwite kwa jina lake. Kama anauza kitu cha halali, nunua kwake. Kama anajua kitu usichokijua, kaa mbele yake akufundishe.

Hili la pili ni zito kuliko la kwanza, utaona. Lakini bila hilo la pili, la kwanza linakuwa gumu kwa wenzetu wengi.

Ewe Mola wetu, tumefika nusu ya mwezi wako na mizigo yetu bado iko mabegani. Tupe nguvu ya kugeuka kabla siku hazijaisha. Usitufanye ukuta mbele ya wanaokuja kwako. Mrehemu Sheikh Yahya bin Abdallah na walimu wetu wote, na uwarehemu waliochukuliwa kwa nguvu katika njia ile wasifike, wasirudi, na majina yao hatuyajui ila wewe. Amin.

Ukiona ina faida, mtumie mwenzako, hasa yule wa Mwaloni. Kesho in shaa Allah tukutane siku ya 16.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.